Niliyang'oa Masale ya Mama Yangu kwa Jina la Bwana

Je, mtu akimwomba Mungu hekima kwa machozi na kwa mfungo, kisha akainuka kutoka magotini na kutenda jambo la kipumbavu kuliko yote aliyopata kuyatenda, lawama ni ya nani? Ya aliyeomba? Ya aliyeombwa? Au ya yule aliyesimama katikati yao akijifanya mkalimani?

Sina jibu. Mchungaji wetu naye amekiri kwamba hana. Wala msihangaike kunieleza kwamba ninyi mnalo, kwa sababu mtu aliyenihakikishia kuwa ana majibu yote ndiye aliyenifikisha hapa!

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita. Nina shahada ya chuo kikuu na ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Lushoto. Ndoa yangu ilivunjika zamani bila mtoto. Aliyekuwa mume wangu alihamia Tanga, akaoa, na leo ninamchukia kidogo sana nikilinganisha na watu nitakaowataja humu. Nilipobaki peke yangu nilirudi kuishi na mama yangu, mjane, katika nyumba aliyotuachia baba juu ya Magamba, pale msitu unapokoma na mashamba yanapoanza.

Ninasimulia haya nikiwa na hasira. Sitaki pole zenu. Ninachotaka ni msikie, kisha mjiangalie.

Nilibatizwa nikiwa mchanga. Nilipata kipaimara, nikaimba kwaya ya usharika, nikasimamia shule ya Jumapili. Hakuna aliyeweza kusema kwamba sikuwa Mkristo. Hata hivyo, nilipoingia umri wa kati nilishikwa na njaa ambayo ibada ya kila Jumapili haikuishibisha... Nilijua mengi, lakini sikuwa na hekima ya lolote. Ningeweza kueleza kwa saa nzima kwa nini dola fulani ilianguka, ila sikuweza kueleza kwa nini nyumba yangu mwenyewe ilianguka.

Nilitamani kumjua Mungu mwenyewe, si habari zake. Nilitaka anifundishe namna ya kuishi, kama rafiki anavyomfundisha rafiki yake. Je, hilo lilikuwa kosa? Mpaka leo nasema hapana! Njaa ile ilikuwa ya kweli. Kosa langu lilikuwa meza niliyoikimbilia.

Ndipo alipokuja Mtumishi Zakaria.

Msidhani alikuwa mtu wa kupiga kelele na kuuza mafuta. Huyo ningemkimbia. Alikuwa mtaratibu, amevaa nadhifu, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha usogee karibu ili umsikie. Alikodi chumba kikubwa karibu na soko la Lushoto, na kila Jumamosi alasiri watu wa madhehebu mbalimbali tulikusanyika pale kusoma Neno. Aliniita "dada mwalimu". Mara ya kwanza nilipomweleza njaa yangu hakuicheka, wala hakuniambia nijiunge na kamati.

"Elimu mtu anaipanda," aliniambia. "Hekima inashuka. Wewe umepanda sana, dada mwalimu. Sasa kaa chini upokee."

Nilitokwa na machozi. Nani mwingine aliwahi kuniona kwa undani kiasi kile?

Akanipa utaratibu. Kabla sijaamua jambo lolote, nimshirikishe ili aliingize katika maombi, naye angenirudishia kile alichoambiwa. Nilianza na mambo makubwa. Nihame shule? Nimsamehe mume wangu? Baadaye nikamuuliza kama nisafiri, kama nipande karoti au viazi, kama niende kwenye msiba wa shangazi yangu. Alipojibu kwa ujumbe wa simu, "Usiende, kuna roho pale," sikwenda. Shangazi yangu alizikwa bila mimi kumtupia hata konzi ya udongo!

Nilikuwa nimetafuta uhusiano na Mungu, nikapata uhusiano na simu. Ilipolia, moyo ulinilipuka. Iliponyamaza, nilidhani Mungu amenikasirikia. Magoti yangu mwenyewe niliyasahau, maana kwa nini mtu ajikongoje kwa miguu ilhali amepata lifti?

Isitoshe, Mtumishi alinifanya mwalimu wa akina mama katika kundi letu. Wanawake walioniita "yule aliyeachwa" sasa waliniita "mama wa hekima". Jina hilo lilikuwa tamu... tamu mno!

Siku moja Mtumishi alifika nyumbani kumsalimu mama. Tulikaa jikoni kwa sababu ya baridi, mama akampa magimbi na chai ya rangi. Mgeni aliuliza habari za shamba, nami, mwalimu wa historia, nikapata mwanafunzi. Nikamweleza kila kitu.

Nilimweleza kwamba shamba letu halijapimwa wala halina hati, kama mashamba mengi ya huku. Mpaka wetu ulikuwa masale, ule mmea wa majani marefu membamba ambao wazee wa milimani waliupanda mipakani na makaburini kwa kuwa haufi kirahisi. Masale yetu yalipandwa na baba yangu pamoja na baba mzazi wa Baba Hoza, jirani yetu. Yalipita kando ya kaburi la baba, yakateremka hadi kijitoni. Upande wetu wa chini, wenye maji, ndiko mama alikolima kabichi na karoti hata wakati wa kiangazi, na ndiko iliko miti yake ya mapeasi. Shamba lile ndiyo maisha yake yote.

Nikaendelea, mjinga mimi, kumweleza hata desturi. Kwetu masale hayang'olewi na upande mmoja. Mpaka ukitakiwa kuondolewa, pande mbili husimama pale mchana, mbele ya watu, zikang'oa kwa pamoja. Likishafanyika hilo jambo limekwisha, hakuna wa kudai tena.

Mama aliniambia kwa Kishambaa ninyamaze. Mtumishi hakuielewa lugha yetu, lakini alielewa kuwa nimekatazwa. Akatabasamu, akaomba gimbi jingine.

Baadaye Mtumishi alitangaza mfungo. Siku ya kufungua tulijazana katika kile chumba, dhaifu kwa njaa, tukiimba. Ghafla akanyamaza. Akafumba macho, akanyoosha mkono kuelekea nilipokaa.

"Naona majani marefu... Naona kaburi... Naona madhabahu ya mizimu iliyopandwa na wazee. Mizizi yake imemfunga miguu binti wa nyumba hiyo! Ndiyo maana hana mume. Ndiyo maana hana mtoto. Ndiyo maana ana elimu, lakini hekima haishuki!"

Nilianguka sakafuni. Nililia mpaka sauti ikakauka. Amejuaje? Nani alimwambia habari za kaburi la baba yangu? Nani alimwonyesha masale yetu? Ni Mungu tu!

Ndugu wasomaji, nilimwambia mimi! Nilimwambia mwenyewe, jikoni kwetu, akiwa na gimbi mkononi! Mimi ambaye kila siku ninawafundisha vijana wasiipokee habari yoyote kabla ya kuuliza imetoka wapi... sikuuliza. Sikutaka kuuliza. Nilikuwa nimengojea muujiza kwa muda mrefu mno hata nisiweze kuchunguza nguo ulizovaa.

Nilipomweleza mama, aliendelea kumenya viazi.

"Huyo Mungu wake ana masikio ya jikoni," akasema.

"Mama, usimkufuru Roho!"

"Simkufuru Roho. Namsema yule aliyekula magimbi yangu." Akatupa ganda. "Yale ni mpaka. Mzimu wa nini? Baba yako alikuwa mzee wa kanisa. Alipanda mpaka ili watu wasigombane."

"Mama, kuna mambo ya rohoni wewe huyaoni."

"Siyaoni, ndiyo. Ila Baba Hoza namwona. Kila siku anapita pale akitupia jicho kabichi zangu. Ukigusa masale yale, usiniite mama."

Nilimpelekea Mtumishi maneno hayo. Alinijibu kwamba roho ya upinzani hupenda kukaa kwa watu wa karibu, na kwamba mama angenishukuru akishafunguliwa. Nami nikamwamini! Mwanamke aliyenibeba mgongoni akipalilia, nikamwona ni kizuizi baina yangu na Mungu.

Tulingoja siku mama alipoteremka sokoni Soni kuuza mapeasi. Kundi lilikuja mchana kweupe na majembe, likiimba. Jambo lililonishangaza ni kumwona Baba Hoza akitoka kwake na jembe lake begani. Hakuwa mtu wa kundi letu, wala hata kanisani hakuonekana mara kwa mara. Alivua kofia, akamsalimu Mtumishi, akasimama upande wake wa masale. Akaanza kuchimba.

Nilifurahi. Naam, nilifurahi! Nilidhani jirani ameguswa. Nilimwona akiitikia pambio, jasho linamtoka, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya nafsi yake. Yeye upande wake, mimi upande wetu, tukang'oa pamoja kuanzia kaburini hadi kijitoni. Ile desturi niliyoisimulia jikoni kwa mbwembwe zote ilikuwa ikitimizwa chini ya pua yangu, kwa mikono yangu, nami nikiimba haleluya!

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni alisimama njiani.

"Mwalimu! Mama yako anajua?"

Nilimjibu kwa kuongeza sauti ya wimbo. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mizizi ile ilikuwa migumu kuliko tulivyotarajia. Tuliirundika, tukaimwagia mafuta ya taa, ikafuka moshi mzito uliofunika kaburi la baba.

Mama alirudi jioni na matenga matupu. Aliuona moshi tokea barabarani. Hakupiga kelele, na laiti angepiga! Alitembea polepole juu ya ule mstari wa mashimo, akiukanyaga kwa miguu yake kana kwamba anautafuta, mpaka chini kijitoni, kisha akapanda tena na kuketi penye kaburi.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Hakuitikia. Asubuhi yake hakuitikia, wala siku zilizofuata. Ninyi wa mijini huenda mkaliona jambo dogo. Kwetu milimani, mzazi kukataa kukuitikia marahaba ni kukufungia mlango ilhali uko ndani ya nyumba. Tulikula chungu kimoja, tukalala chini ya bati moja, naye alipita mbele yangu kama anayepita mbele ya kiti.

Mvua zilipokaribia Baba Hoza alianza kuchimba makinga maji mapya, ile mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Yalivuka mstari. Mama alimfuata, nami nikamfuata mama kwa nyuma.

"Baba Hoza, hapo ni kwangu."

"Kwako wapi, mama yake mwalimu?" Hakusimamisha jembe. "Mpaka si tuliuondoa? Binti yako alikuwa na jembe, mimi nilikuwa na jembe. Watu walituona mchana, tena kwa nyimbo. Sasa unadai nini? Au nyinyi huwa mnaimba kwa utani?"

Vijana waliokuwa wakimsaidia walicheka. Mama alinigeukia, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Macho yale... Afadhali asingenitazama!

Jumamosi iliyofuata Mtumishi Zakaria alisimama mbele yetu uso uking'aa. Mungu, alisema, ametupatia mlima. Ndugu yetu Hoza ameguswa kutoa sehemu ya ardhi yake yenye maji, na hapo tutajenga kituo cha maombi. Mabati na mbao viko njiani. Watu waliruka, wakapiga vigelegele. Mwanamke aliyekaa kando yangu alinikumbatia. "Mama wa hekima, umeona? Ni jirani yenu kabisa! Utakuwa unashuka tu!"

Ardhi yenye maji. Sehemu ya chini. Kabichi za mama yangu!

Ndipo nikaikumbuka ile jioni ya jikoni, neno kwa neno, chai na magimbi na maswali yake ya upole. Niliona kila kitu kwa mpigo mmoja, bila ufunuo wa mtu yeyote.

Habari za milimani hazihitaji redio. Soni, akina mama wauza mboga walioshindana kunikaribisha kwa sababu ya heshima ya mama walianza kunipigia kelele tokea mbali.

"Mwalimu! Pita hapa uning'olee kabichi zangu, zina pepo!"

"Na karoti zangu nazo zimenifunga miguu!"

"Hongea, mwalimu!" wengine walinishukuru kwa Kishambaa, wakiangua vicheko. Mwali mmoja, wa umri wa wanafunzi wangu, alinitazama usoni akapita bila kuniamkia. Sikuwa na kinywa cha kumkaripia.

Mdogo wangu Danieli alinipigia simu kutoka Korogwe. Katika maisha yetu yote hajawahi kunipandishia sauti.

"Umesoma mpaka ukapitiliza!" alifoka. "Baba aliuza ng'ombe ili uende chuo kikuu. Ndiyo shukrani yako hii, kumng'olea mpaka na kumpiga moshi kaburini?"

"Danieli, nilidhani..."

"Ulidhani nini? Wewe hukudhani chochote. Ulimwachia mtu mwingine akudhanie! Sasa sikia, mimi sina dada. Nina mama tu, na mama analia."

Akakata.

Mama alipeleka malalamiko yake baraza la kata. Alikwenda kwa miguu, peke yake, bila kunieleza. Nilipata habari kwa Mtumishi, ambaye aliniita katika kile chumba karibu na soko siku moja kabla ya shauri kusikilizwa. Baba Hoza alikuwepo pia, ameketi pembeni, akichezea kofia yake.

"Kesho utaulizwa jambo moja tu, dada mwalimu," Mtumishi alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Masale yale yalikuwa ya nini. Utajibu kwamba yalikuwa ya mizimu. Yalipandwa kwa ajili ya kaburi. Basi, unakaa."

"Lakini yalikuwa mpaka, Mtumishi."

"Nani alikwambia?"

"Baba yangu."

"Baba yako ni marehemu. Unamsikiliza marehemu, au unamsikiliza Mungu aliye hai?"

Mnasikia? Hivyo ndivyo alivyolitumia jina la Mungu. Kama panga!

Nilikusanya ujasiri mdogo uliobaki. "Mtumishi, naomba kujua jambo moja. Siku ile ya mfungo, ulijuaje habari za kaburi na masale?"

Baba Hoza aliinua uso, akamtazama, halafu akatazama sakafu.

"Darasani kwako watu wanauliza maswali," Mtumishi alisema. "Huku tunapokea."

"Mimi nimeuliza."

"Basi na mimi nakujibu." Sauti ikabadilika. Sikuwahi kuisikia ile sauti, kavu, ya mtu anayefunga duka. "Ukinena kinyume kesho, kifuniko changu cha maombi kinaondoka juu yako. Yatakayokupata usije kunililia. Ulikuja hapa mwanamke aliyeachwa, hujui hata pa kushika. Nikakupa jina. Unataka kurudi ulikotoka?"

"Mwalimu, usiharibu," Baba Hoza aliongeza, kama anayebembeleza. "Mama yako mtu mzima sasa. Kijito kile anakihitaji cha nini?"

Niliondoka bila kuaga. Nilipanda Magamba kwa haraka. Nitawaeleza ukweli ulivyo, wala msinidharau zaidi ya mlivyokwisha kunidharau. Niliogopa! Niliogopa laana yake. Shahada yangu haikunisaidia kitu. Nilijua kwamba mtu yule ni mwongo, na bado niliogopa kwamba mbingu zingemsikiliza yeye kuliko mimi.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipoingia chumbani kwangu. Nilipiga magoti. Nikafungua kinywa ili niseme na Mungu... na sikupata hata sentensi moja.

Sikuwa na maneno! Mkono wangu ulijinyoosha wenyewe kuelekea simu. Miaka yote ile nilidhani ninamkaribia Mungu, kumbe nilikuwa nimepoteza hata ile sala fupi niliyoijua nikiwa mtoto. Nilikuwa kama mtu aliyeandikiwa barua za mapenzi na mwingine kwa muda mrefu, kisha akakutanishwa ana kwa ana na mpenzi wake, akagundua hata kumsalimu hajui.

Nikazima simu. Nikabaki pale chini, bubu. Hakuna sauti iliyokuja. Hakuna joto lililonishuka, wala majani wala makaburi niliyoyaona. Chumba kilikuwa chumba, na ukutani nilimsikia mama akichochea moto upande wa pili. Lakini katika ukimya ule kulikuwa na jambo moja ambalo halikuondoka. Masale yale yalikuwa mpaka. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto, na hakuna mfungo uliohitajika ili nilijue.

Nikasema, "Bwana, kesho nitasema kweli." Hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza baada ya miaka mingi. Kama alinijibu, hakunijibu kwa namna niliyoizoea. Nilichokiona ni kwamba sikuiwasha tena simu usiku ule. Mnaweza kuliita mnavyotaka.

Ndugu zangu, hasa ninyi mliosoma na mnaodhani kwamba kudanganywa ni kwa wasiojua kusoma, nawasihi! Mkiwa na njaa ya Mungu, mwendeeni mwenyewe. Msimpe mwanadamu kazi ya kusali kwa niaba yenu mpaka ninyi wenyewe mkasahau namna. Anayekuzuia kuuliza, mkimbie, hata kama sauti yake ni tamu. Anayekuambia kwamba mama yako ndiye adui wa wokovu wako, muulize anataka nini katika nyumba ya mama yako. Hekima ya Mungu sijaifikia, sitawadanganya. Ila najua haiwezi kuanza kwa kusema uongo juu ya shamba la mjane. Hapo tu ndipo nilipofika, na njia ya kufika hapo imenigharimu familia yangu.

Asubuhi ilikuwa na ukungu. Mama alitangulia, nami nikafuata kwa mbali. Ofisi ya kata ilikuwa imejaa. Kundi zima la maombi lilikuwa limekaa viti vya nyuma, midomo ikichezacheza kwa maombi ya chinichini, na Mtumishi Zakaria katikati yao. Baba Hoza alivaa koti. Mama aliketi benchi la mbele, mgongo wake kwangu.

Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja wa Kiislamu aliyejitanda mtandio mweusi, aliwageukia wale wa nyuma.

"Wenzangu, hapa hatusali kwa sauti. Tunasikiliza shamba. Mwalimu, simama."

Nikasimama.

"Yale masale yalikuwa ya nini?"

Nyuma yangu minong'ono ilikatika. Nilihisi macho ya Mtumishi kisogoni kama makaa.

"Yalikuwa mpaka," nilisema. "Yalipandwa na baba yangu pamoja na baba yake Baba Hoza. Kuanzia kaburini hadi kijitoni, upande wa chini, ni shamba la mama yangu."

"Shindwa!" mtu alipaza sauti. Kiti kikaanguka. Mwenyekiti alipiga meza.

"Baba Hoza anasema pande mbili zilisimama, mkang'oa pamoja. Ni kweli ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, na nilikuwa na jembe. Lakini upande wetu haukusimama pale, mama mwenyekiti. Mwenye shamba alikuwa sokoni Soni, na alikuwa amenikataza kwa kinywa chake. Mimi si mwenye shamba. Niliingia katika mpaka wa mama yangu kama mwizi, nikamwita Mungu anishikie taa. Na mtu aliyenituma ni yule pale."

Nikanyoosha kidole. Mtumishi Zakaria hakuinua uso. Mama hakugeuka.

"Rudia polepole," mwenyekiti alisema. "Katibu anaandika."

Nikarudia.